Deko au Kuzidiwa: Namna ya Kumsaidia Mtoto na Kijana Mwenye Usonji Anapolipuka

Mvua inapoanza kupiga bati saa kumi jioni, watoto wengine wa nyumba hukimbilia mlangoni kuitazama. Yeye huziba masikio, hujitupa sakafuni na kuanza kujipiga kichwani kwa ngumi. Bibi yake husema anadeka. Jirani husema amepandwa na kitu. Mwalimu, ambaye ameyaona hayo hayo darasani siku ambayo kengele iligongwa bila kutarajiwa, husema ni mkaidi na kwamba kwao hakufunzwa. Mama hasemi kitu, kwa sababu amechoka, na kwa sababu kila moja ya kauli hizo tatu inamrudishia lawama yeye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama huyo, pamoja na baba, bibi, dada wa kazi na mwalimu wanaoishi na mtoto au kijana mwenye usonji ambaye hasira zake, hofu zake, kujiumiza au kuwapiga wengine vimeanza kuitawala nyumba. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo mtu huanza nayo tangu utotoni na kuishi nayo. Hausababishwi na malezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao, kwa hiyo hata mtaa unaodai hauna mtoto wa aina hii huenda unao watoto hao, ila wamefungiwa ndani. Usonji wenyewe si ghadhabu wala si ukorofi. Unachofanya ni kumfanya mtoto apokee sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali au kwa uhafifu kuliko wenzake, ategemee mno mazoea, na apate shida kueleza kinachomsumbua. Mambo hayo matatu yakikutana katika siku mbaya, mlipuko huwa karibu. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wa namna hii, aliona tangu wakati huo jinsi walivyoogopa kelele kubwa na walivyotaabika pale mpangilio wa mambo ulipobadilishwa. Hoja ninayoishikilia ni kwamba mlezi autafute kwanza mzigo uliomzidi mtoto, na suala la kumrekebisha tabia lije baadaye.

Deko na kuzidiwa

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofaa sana hapa. Deko lina mtazamaji: mtoto anayedeka huchungulia kama anaangaliwa, hujihadhari asijiumize, na akipewa pipi aliyokuwa akiililia hunyamaza mara moja. Aliyezidiwa hana habari na mtazamaji. Hata ukimpa alichokuwa akikitaka dakika tano zilizopita haachi, hajali kama kichwa kinagonga saruji, huendelea hata akiachwa peke yake chumbani, na mambo yakiisha hulala au hubaki amelegea kama aliyetoka kwenye homa. Kumchapa mtoto wa namna hiyo ni kumwongezea maumivu mtu ambaye tatizo lake lilikuwa ni kupokea mengi mno kwa wakati mmoja.

Kuna sura ya tatu ambayo husahaulika kwa sababu haina kelele. Mtoto hujifunga: hujificha chini ya kitanda, haitiki anapoitwa, macho yake hayatui popote, na wakubwa husema amenuna au ana kiburi. Huyu naye amezidiwa, na anahitaji utulivu ule ule anaouhitaji anayepiga mayowe.

Nikiri pia kwamba mpaka kati ya deko na kuzidiwa hauko wazi kila siku. Watoto wenye usonji nao ni watoto, hudeka kama wengine, na tukio linaweza kuanza kwa ombi la simu likaishia katika kuzidiwa kwa kweli. Ukiwa na shaka, mchukulie kuwa amezidiwa. Kosa la kumhurumia aliyedeka hurekebishika kesho yake, lakini kumwadhibu aliyezidiwa humfunza kwamba anapokuwa katika hali mbaya kabisa, watu wake ndio hatari.

Anza na mwili

Mtoto aliyekuwa mtulivu akibadilika ndani ya siku au wiki chache, usianze na nidhamu wala na maombi. Anza na zahanati. Mtoto asiyesema, na hata yule anayesema vizuri, anaweza kushindwa kukuambia kwamba jino limetoboka, sikio lina usaha, anapokojoa anachomwa, au hajapata choo kwa siku nne. Kukosa choo ni tatizo la kawaida mno kwa watoto hawa, kwa kuwa wengi hula vyakula vichache tu, wali mweupe na chipsi kwa mfano, na hukataa mboga, matunda na wakati mwingine hata maji. Anayejipiga upande mmoja wa kichwa mwangalie sikio na meno. Anayeegemeza tumbo kwenye ukingo wa meza mwangalie tumbo. Ishara hizi si uthibitisho, ila zinamwonyesha daktari mahali pa kuanzia.

Uliza pia habari za usingizi. Nusu ya watoto wenye usonji au zaidi hulala kwa shida, na mtoto aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku kucha hawezi kuvumilia asubuhi yenye kelele ambayo jana yake aliivumilia. Kisha uliza habari za kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine na mara nyingi huanza ama katika miaka ya mwanzo ama wakati wa kubalehe. Si kila kifafa kina kuanguka na kutoa povu. Kuna kile cha kuduwaa kwa sekunde chache, kope zikipepesa na mtoto haitiki. Ukiyaona hayo yakijirudia, mwombe mtu mwingine mzima apige video fupi kwa ajili ya daktari peke yake, na isitoke kwenye simu hiyo kwenda kundi lolote la familia.

Daftari la wiki mbili

Chombo chenye nguvu kuliko vyote katika kazi hii ni daftari la shule la kawaida. Kwa wiki mbili, kila tukio liandikwe mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini hasa, na nini kilifuata, yaani watu walifanya nini na mtoto alipata au aliepuka nini. Ongeza siku, saa, alilalaje, alikula nini, na kama amepata choo. Andika unachokiona, usiandike hukumu. "Alileta fujo" halisemi kitu. "Alimng'ata mdogo wake mkononi baada ya televisheni kuzimwa, tukaiwasha tena" linasema mengi mno.

Chukulia mtoto wa miaka minane ambaye mama yake anaamini kwamba anaichukia shule. Daftari linaonyesha kuwa vurugu za asubuhi hutokea Jumatatu na Alhamisi tu, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo, wakati wa kuvaa. Siku hizo ni za michezo, na fulana ya michezo ina lebo ya nailoni shingoni. Mkasi mmoja unamaliza vita vya muhula mzima. Si kila chanzo kitakuwa rahisi hivyo, lakini hata chanzo rahisi hakionekani mpaka kiandikwe, kwa sababu akili ya mlezi aliyechoka hukumbuka ukubwa wa tukio na kusahau saa yake.

Baada ya wiki mbili, soma ukijiuliza tabia hii inamfanyia mtoto kazi gani. Kwa kawaida utakuta moja ya kazi nne: inampatia kitu, inamwepusha na jambo zito, inamletea watu karibu, au inamtuliza mwili, kama vile anayejitikisa mbele na nyuma. Jibu ndilo linaloamua hatua. Anayepiga ili aepuke zoezi la hesabu, ukimtoa nje ya darasa kama adhabu umempa alichokihitaji, na kesho atapiga tena. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wa ukuaji walipofundishwa maneno mafupi ya kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, maneno yaliyolingana na sababu ya tabia yao, vurugu zilipungua sana. Msingi huo bado ndio wenye nguvu: usiiondoe tabia bila kumpa mtoto njia nyingine ya kulisema jambo lile lile.

Njia hiyo inaweza kuwa neno, ishara ya mkono, au kadi iliyochorwa kiganja na kuandikwa "Naomba kupumzika". Mfundishe siku ambazo ametulia, ukimshika mkono aitoe kadi, na papo hapo apewe mapumziko ya dakika mbili tatu. Katika wiki za mwanzo mpe kila mara anapoomba, hata kama ndiyo kwanza ameketi, hata kama unahisi anakuchezea. Mtoto hujifunza kuiamini kadi kwa kuona inafanya kazi. Kurefusha muda wa kungoja, dakika moja, kisha tatu, kisha tano, huja baadaye. Na jambo moja wazazi hawaambiwi mapema: ile tabia ya zamani inapoacha kulipa, mara nyingi huongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Wengi huacha mpango katika siku hizo hizo, wakidhani umeshindwa.

Mlipuko unapotokea

Tukio likishaanza, wakati wa kufundisha umepita. Kazi yako sasa ni usalama na kupunguza mambo yanayomwingia. Zima redio na televisheni, vuta pazia, na watoe watu chumbani badala ya kumtoa yeye. Ni rahisi zaidi kuwahamisha watoto wengine wanne kuliko kumhamisha mmoja aliyezidiwa. Ondoa chai ya moto, jiko la mkaa, visu na vyombo vya kioo. Anayegonga kichwa sakafuni, ingiza mto au kitenge kilichokunjwa kati ya kichwa na saruji bila kumkamata kichwa chenyewe. Anayejing'ata, mpe kitambaa kizito akiume. Anayepiga wengine, simama pembeni yake, si mbele, umbali unaozidi urefu wa mkono wake, na usimzibie mlango isipokuwa nje kuna barabara au kisima.

Punguza maneno. Maswali kama "una nini?", "nani amekuudhi?", "kwa nini unafanya hivi mbele ya wageni?" ni kelele juu ya kelele, na aliyezidiwa hana uwezo wa kuyachambua. Sema sentensi moja fupi kwa sauti ya chini, "Nipo hapa, uko salama", kisha nyamaza. Usitishie, usiahidi zawadi, usihubiri. Wapo wanaotulia wakifungwa shuka zito mwilini au wakikandwa mabega kwa nguvu, na wapo ambao mguso mdogo huwawasha moto upya; lijue hilo siku za utulivu, usilijaribie wakati wa dharura.

Kumshika kwa nguvu ni hatua ya mwisho kabisa, ya kuzuia hatari iliyopo mbele ya macho kama gari au moto, na umwachie hatari ikipita. Kamwe asilazwe kifudifudi akakandamizwa, asikaliwe, asibanwe kifua wala shingo. Watu wamekufa kwa kukosa pumzi katika mikono ya waliodhani wanawatuliza. Kumfunga kamba ni ukatili hata pale unapofanywa kwa machozi.

Mlipuko unaweza kuchukua dakika chache au zaidi ya saa nzima. Zingatia kipindi kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea: mtoto huonekana ametulia, mzazi humwambia akaoge au aombe radhi, na moto huwaka upya. Acha nusu saa ipite bila kumdai chochote. Mpe maji, mpe chakula anachokipenda, mwache alale akitaka. Baadaye, kama kuna kikombe kilichovunjika, kizoeni pamoja bila maneno makali. Kama alikuwa anakwepa kazi, irudisheni ikiwa ndogo zaidi.

Mkiwa kwenye daladala au matatu, shukeni kituo kinachofuata hata kama nauli imelipwa. Kuwa na sentensi moja ya kuwaambia watu, uliyoizoea mpaka inatoka yenyewe: "Mwanangu ana usonji, kelele zimemzidi, naomba mtupe nafasi." Wengi wakishajua, hupisha. Vile vizuia sauti vya kuvaa masikioni ambavyo mafundi hutumia, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni vya kubeba kila safari.

Kuipanga siku isizidi

Mtoto mwenye usonji hupumzika anapojua kinachofuata. Piga kwa simu picha za mambo yake halisi, mswaki wake, kikombe chake cha uji, geti la shule yake, zichapishe kwenye duka la steshenari, zibandike ukutani kwa mpangilio wa siku, na kila jambo likiisha picha yake ibanduliwe. Kwa mtoto mdogo, picha mbili zinatosha: kwanza kuoga, kisha bembea. Ukisema hivyo, timiza. Na hapa lugha yetu ina mtego wake, kwa kuwa "nakuja sasa hivi" ya Kiswahili inaweza kumaanisha saa nzima, ilhali mtoto anayeyachukua maneno kama yalivyo huhesabu sekunde. Mwambie "nitarudi ukimaliza kula", au mwonyeshe mshale wa saa utakapofika.

Mabadiliko hayaepukiki, kwa hiyo yafundishe nayo. Tengeneza picha moja ya "leo kuna badiliko", na uanze kuitumia kwa mabadiliko ya kupendeza, kama kwenda ufukweni, ndipo uitumie kwa yale yasiyopendeza. Umeme kukatika usiku ni badiliko ambalo nyumba nyingi zinaweza kulifanyia mazoezi: zima taa makusudi kwa dakika moja, mpe tochi yake mwenyewe, washa tena. Kwa harusi na misiba, nenda mapema kabla ya vipaza sauti, tafuta chumba cha ndani mapema, na mkubaliane na mwenza wako nani ataondoka naye na saa ngapi, ili asibaki mpaka avunjike ndipo mnyanyuke.

Chunguza pia yale tunayomdai bila sababu. Mtoto asipoamkia "shikamoo" huitwa hana adabu, na wajomba wengine humng'ang'ania mlangoni mpaka aseme, jambo ambalo nimeliona likizaa vurugu za mchana mzima. Mfundishe salamu ya kuweka mkono kifuani, na uwaeleze jamaa kwamba hiyo ndiyo shikamoo yake. Kwa upande mwingine kuna dai tunaloliokota kwenye miongozo ya kigeni, la kumlazimisha mtoto atazame watu machoni. Katika malezi yetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ana heshima tayari. Hakuna haja ya kumtesa kwa hilo.

Shuleni

Mwalimu akikuambia kwamba mtoto ni mtulivu mno shuleni ilhali nyumbani hulipuka kila siku saa kumi jioni, usikubali kwamba kosa ni la nyumbani. Watoto wengi, na wasichana hasa, hujibana kutwa nzima wakiwaiga wenzao, na mzigo huo huushusha mahali wanapojisikia salama. Mpe nusu saa ya kimya baada ya shule, bila maswali, bila kazi ya nyumbani, bila wageni.

Mwombe mwalimu mambo machache yanayowezekana hata katika darasa la watoto themanini: kiti kilicho mbali na mlango na kengele, kadi ya kupumzika inayoheshimiwa, na taarifa ya mapema siku ratiba inapobadilika. Viboko visiwemo kabisa. Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na hata pale ambapo kanuni bado zinaviruhusu, mzazi ana haki ya kwenda kwa mkuu wa shule na kueleza kwa maandishi hali ya mtoto na kwamba hakubali achapwe. Wazazi walioko Kenya wanaweza pia kumpeleka mtoto katika vituo vya serikali vya kupima mahitaji maalumu ya elimu, EARC, vilivyoanza mwaka 1984.

Anapokuwa kijana

Mwili unapokua, mambo mawili hubadilika pamoja: nguvu zake zinazidi zako, na maumivu yake yanahamia ndani. Mtoto uliyemnyanyua akiwa na miaka mitano hutaweza kumnyanyua akiwa na kumi na tano, kwa hiyo nyumba iwe na mpango ulioandikwa: ishara zake za mwanzo ni zipi, nani atawatoa wadogo, mlango upi unabaki wazi, ni jirani gani ataitwa na ana namba gani. Asiitwe kundi la vijana wa mtaani kuja kumdhibiti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya watoto 112 wenye usonji nchini Uingereza, wa umri wa miaka 10 hadi 14, ulikuta kwamba 70 kati ya kila 100 walikuwa na angalau tatizo jingine moja la afya ya akili, na wasiwasi wa kuwa mbele za watu ulikuwa juu ya orodha. Kijana anayekataa shule, anayeuliza swali lile lile mara arobaini, au anayeghadhibika ukigusa vitu vyake, huenda ana wasiwasi kuliko ukaidi. Vijana wengi wa usonji hawawezi kuitaja hisia kwa jina lake, ukimuuliza "unajisikiaje?" atajibu "sijui", na ni kweli hajui. Anza na mwili: moyo unadunda, mikono ina jasho, tumbo limekaza. Choreni pamoja ngazi ya moja hadi tano, moja ni utulivu na tano ni kulipuka, aandike mwenyewe mwili wake unakuwaje katika kila ngazi na nini humsaidia akiwa kwenye ya pili au ya tatu, kwa kuwa ya nne ni kuchelewa. Nyumbani mseme kwa namba: "Mimi leo nipo kwenye tatu, naenda kukaa barazani." Mzazi akiisema yake kwanza, kijana huiga.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vijana hawa huweza kujitokeza kama kuacha hata yale aliyoyapenda mno, kulala kutwa, kukonda, au hasira mpya. Hatari ya kutaka kujiua ni kubwa kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, hasa wale wanaosema vizuri na wanaoonewa na wenzao. Muulize wazi, kwa maneno yasiyo na fumbo: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, ondoa dawa, sumu ya panya na dawa za shamba ndani ya nyumba, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile kijana anayeanza kupungua mwendo, kuganda katikati ya tendo kijiko kikiwa mkononi, au kuacha kula na kuzungumza ndani ya muda mfupi, asingojewe. Hiyo ni hali ya kitabibu na inatibika.

Kubalehe kufundishwe kabla hakujafika. Pwani tuna mila ya kungwi, na ni mila nzuri ya kumweka msichana faraghani pamoja na mtu mmoja amwaminiye, ila mafunzo yake husheheni nyimbo na mafumbo, na msichana mwenye usonji anahitaji kinyume chake: picha, majina halisi ya viungo, na mazoezi ya kubadilisha pedi kwa miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza, pengine kwa kutumia maji ya rangi. Daftari lionyeshe tarehe za hedhi, kwani vurugu zinazojirudia kila mwezi zinaweza kuwa maumivu ya tumbo yanayotulizwa kwa dawa rahisi. Mvulana anayejishika sehemu za siri sebuleni asipigwe wala asiaibishwe. Aelekezwe kwa sentensi ile ile kila mara, "hilo ni la chumbani, mlango ukiwa umefungwa". Na wote, wasichana kwa wavulana, wafundishwe nani anaruhusiwa kuwagusa wapi, na namna ya kusema hapana, kwa sababu kijana aliyezoeshwa kutii kila mkubwa ni windo rahisi. Mabadiliko ya ghafla ya tabia baada ya kuachwa na mtu fulani yachunguzwe kwa jicho hilo pia.

Dawa, na waganga

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa zinazopunguza ghadhabu kali na kujiumiza. Marekani iliidhinisha risperidone kwa ajili hiyo mwaka 2006 kwa umri wa miaka 5 hadi 16, na aripiprazole mwaka 2009 kwa miaka 6 hadi 17. Zinaweza kusaidia pale ambapo usalama uko hatarini na njia nyingine zimejaribiwa, lakini huongeza uzito na usingizi, kwa hiyo daktari apime uzito na sukari mara kwa mara, na zisiachwe ghafla. Muulize daktari tunatazamia badiliko gani na tutaamua lini kama dawa inafaa. Dawa isiyo na tarehe ya kutathminiwa hugeuka kuwa mazoea. Kumpa mtoto dawa za mafua au mzio kila usiku ili alale tu ni hatari, na baadhi ya watoto huzidi kuchangamka.

Kuhusu mganga na viongozi wa dini, dua haina ugomvi na kliniki, na familia nyingi hupata nguvu humo. Mpaka uwekwe mahali pamoja tu: asifukizwe moshi mpaka akohoe, asichanjwe chale, asifungwe, asinyimwe chakula, na dawa za kifafa zisisimamishwe hata kwa siku moja.

Wewe, na kipimo cha mafanikio

Mlezi asiyelala hawezi kunyamaza wakati wa mlipuko, na ndiyo sababu ya kugawana zamu isiyo ya maneno matupu: baba, shangazi au kaka mkubwa awe na saa zake za wiki zinazojulikana, akiwa amefundishwa mpango ule ule. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida za ukuaji, ya vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Uliza hospitali ya rufaa, afisa ustawi wa jamii au chama cha wazazi kilicho karibu kama yanatolewa. Kwa aliye mbali na mji, vikao vya wazazi watatu chini ya mwembe kila Jumamosi, kila mmoja akiwa na daftari lake, vina faida zaidi kuliko kungoja nafasi ya mtaalamu kwa mwaka mzima mikono ikiwa mitupu.

Mwezi wa pili ukiisha, rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na uhesabu. Usitafute siku isiyo na mlipuko. Tafuta kama milipuko mitano kwa siku imekuwa mitatu, kama dakika arobaini zimekuwa kumi na tano, kama kadi imetolewa hata mara mbili kabla ya ngumi. Namba zikiwa zimesimama pale pale, chanzo ulichokidhania siyo chenyewe: anza wiki mbili nyingine, na safari hii mwachie mtu mwingine wa nyumbani aandike.